Mark X yako inakunywa mafuta? Pima kwanza ndio ushike spana

Ukisema tu unataka kununua Mark X kuna mtu lazima akwambie "hiyo gari inakunywa", ukimuuliza inakunywa kiasi gani anakwambia "we acha tu". Namba hana. Na wengi wenye hizo gari nao namba hawana, wanajua tu kwamba elfu thelathini ya juzi imeisha leo. Sasa bila namba huwezi kujua kama gari ni nzima au mbovu, na fundi akikwambia "noseli hizi" unatoa hela, kesho anasema "sensa" unatoa tena, mwisho wa mwezi umenunua nusu ya injini na ulaji uko palepale. Hii mimi inaniuma sana kwa sababu Mark X ni gari nzuri, imetulia, ina nguvu, na ikiwa nzima ulaji wake unabebeka kabisa kwa mtu aliyejua anachonunua.

Humu naongelea Mark X ya 2.5, ile GRX120 iliyoanza 2004 na GRX130 iliyoifuata 2009 mpaka Toyota walipofunga uzalishaji 2019. Injini ni 4GR-FSE, V6, D4 (yaani petroli inapuliziwa moja kwa moja ndani ya silinda), na zile za kusukuma nyuma zina gia boksi ya gia 6. Kama una Crown ya 2.5 ya miaka hiyo au Lexus IS 250 endelea kusoma tu, injini ni hiyohiyo. Mwenye 3.0 au 3.5 hatua nyingi zinamhusu pia ila namba zake ziko chini zaidi, asijilinganishe na sisi.

Hatua ya 1: Pima vizuri, acha kupima kwa hela

Tatizo linaanzia sheli. Tumezoea "weka ya elfu ishirini", taa ikiwaka tunaweka tena ya elfu ishirini. Kwa mtindo huo huwezi kupima chochote, maana hujui ndani ya tenki kulikuwa na kiasi gani kabla, na mshale wa geji hausomi lita, na bei yenyewe inabadilika, EWURA wanatangaza bei mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo elfu ishirini ya mwezi huu sio lita zilezile za mwezi ujao.

Fanya hivi. Nenda sheli unayoiamini, angalia pampu ina stika ya Wakala wa Vipimo, simama sehemu iliyonyooka, mwambie akujazie fulu mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza. Ikikata, basi. Usimruhusu atikise gari na kuongeza kidogo kidogo mpaka mafuta yaonekane mdomoni, kwanza kipimo chako kinaharibika, pili kuna kopo la mkaa linalonasa mvuke wa petroli toka kwenye tenki, likiingia mafuta yenyewe linakufa. Zirudishe zero kilomita za trip. Endesha maisha yako ya kawaida, usijibane kwa sababu unapima. Tenki likishuka chini ya nusu rudi sheli ileile, pampu ileile ikiwezekana, jaza tena mpaka ikate mara ya kwanza. Sasa una vitu viwili, kilomita ulizotembea na lita zilizoingia. Gawa kilomita kwa lita.

Mfano trip inasoma 412 na pampu imesoma lita 48.5. 412 gawa kwa 48.5 ni 8.5, maana yake lita moja inakutembeza kilomita 8 na nusu. Andika kwenye simu, tarehe, kilomita, lita, na ulikuwa wapi zaidi, mjini au safari. Rudia tenki lingine kabla hujaamini, tenki moja linaweza kudanganya, hasa kama siku mbili kati ya hizo ulikaa kwenye foleni ya mvua.

Ile namba ya wastani inayosoma kwenye dashi itumie kulinganisha wiki hii na wiki iliyopita tu, usiichukue kama kipimo, mara nyingi inajipendelea.

Kitu kingine ambacho watu hawakijui ni tairi. Mark X nyingi zimekuja na tairi 215/60 R16, au 235/45 R18 kwa zile za sport, na hizi mbili kipenyo chake kinakaribiana sana. Mtu akitoa ya 16 akaweka rimu ya 18 yenye tairi 225/40, duara limepungua kama asilimia 4. Gari itakuandikia kilomita 500 kumbe umetembea 480. Kwa hiyo huyo anaejisifu gari yake inaenda 9 kwa lita mwambie asome ubavu wa tairi kwanza. Na kinyume chake ukiweka tairi kubwa kuliko za kiwandani dashi inakuandikia pungufu, unaanza kuilaumu gari bure.

Hatua ya 2: Jua namba ya kawaida ni ngapi

Mark X ina uzito wa kama tani moja na nusu na silinda sita. Hapo usitegemee namba za Vitz, haitatokea hata ukibadilisha kila kitu.

Kwa kuwa IS 250 iliuzwa Marekani, serikali yao ikaipima, na injini ni hii hii na uzito unakaribiana, tunaweza kuazima namba zake. Ukizigeuza kuwa kilomita kwa lita zinatoka kama 9 mjini, 12 na kidogo barabara kuu, na wastani wa kama 10. Ila mji wanaoupimia wao sio Mbagala saa kumi na mbili jioni. Kwa Dar, mtu anaetoka Kimara au Tegeta kwenda Posta na kurudi saa za kazi, mimi nikiona 7 mpaka 8 naona gari iko sawa, 6 na nusu kwa foleni nzito sana na AC muda wote bado sishtuki. Safari ya Dar Dodoma kwa mwendo wa ustaarabu ikikupa 11 au 12 iko poa. Lakini ukipata 5 mjini au 8 kwenye safari ndefu, kuna kitu kinaumwa, na hapo ndio hatua zinazofuata zina maana.

Angalia pia kibati kwenye injini chemba au kadi ya gari. Ikiandika GRX125 au GRX135 hiyo ni foo wili, inazungusha vyuma vingi zaidi na lazima ile zaidi kidogo, sio ugonjwa.

Kwa nini usumbuke kwa tofauti ya kilomita moja na nusu? Chukua mtu anaetembea kilomita 1,000 kwa mwezi. Kwenye 7 anatumia lita 143, kwenye 8.5 anatumia lita 118. Lita 25 hizo, tuseme lita ni 3,000, ni elfu sabini na tano kila mwezi.

Hatua ya 3: Upepo

Hii ni rahisi mno mpaka watu wanaidharau. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna stika inaandika upepo, mara nyingi kwa kPa kwa sababu gari ni ya Japan. Gawa kwa 6.9 unapata PSI, mfano 230 kPa ni kama 33. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, sio umetoka Chalinze tairi zinachemka ndio unapima, hapo inasoma juu na ukipunguza umeharibu. Na geji za wajaza upepo wa barabarani nyingi zimeshapigwa chini mara nyingi, nunua ya kwako weka kwenye gari.

Kama usukani unavuta upande au tairi za mbele zinaliwa upande mmoja peleka ikafanyiwe alaimenti. Tairi inayoburuzwa inakula mafuta na inakumaliza wewe mwenyewe kwenye bei ya tairi.

Hatua ya 4: Breki zinazoshika

Hapa nataka tukae kidogo kwa sababu ni ugonjwa wa gari nyingi za umri huu na hauwashi taa yoyote kwenye dashi. Zile pini ambazo kalipa (kile chuma kinachobana pedi) inateleza juu yake zinakauka grisi, vumbi linaingia, kutu inaota, ukikanyaga breki inashika vizuri tu ila ukiachia hairudi. Pedi inabaki inagusa diski muda wote. Gari inaenda, ila inavuta mzigo usiouona.

Kuijua, tembea kama dakika ishirini barabara nyeupe, sehemu ya mwisho usikanyage breki sana, acha gari ipunguze mwendo yenyewe kisha simama. Shuka, sogeza kiganja karibu na kila rimu, usishike, inaweza kukuunguza. Zile mbili za mbele zinatakiwa zilingane, na za nyuma hivyohivyo. Ukikuta moja inatoa joto kama mlango wa jiko na mwenzake iko vuguvugu, umempata mwizi. Njia nyingine ni kuinua gari vizuri kwa jeki na stendi, kuweka gia huru na kuzungusha tairi kwa mkono. Kumsikia pedi akigusa kidogo shwaa shwaa sio tatizo, ila tairi ikigoma kuzunguka au ikisimama papo hapo ukiachia, fundi afungue kalipa, asafishe pini, aweke grisi ya breki, ile inayovumilia joto, sio ile ya bearing. Kama pistoni yenyewe imeota kutu anabadilisha vipuri vya ndani au kalipa yote. Angalia na hendibreki haijakazwa kupitiliza.

Kazi hii gharama yake ni ndogo ukilinganisha na sensa unazouziwa.

Hatua ya 5: Themostati, tafadhali sana

Kama kuna kitu kimoja ningependa kila mwenye Mark X akikague wiki hii ni hiki, kile kivali kinachozuia maji yasiende kwenye radieta mpaka injini ipate joto. Mafundi wetu wana tabia, gari ikichemka hata mara moja wanatoa themostati wanaitupa, wanakwambia "huku joto, hii ni ya wazungu". Gari inaacha kuchemka na wewe unashukuru. Kumbe maji sasa yanazunguka kwenye radieta muda wote, injini haifiki joto lake la kazi, na kontrol boksi (kompyuta ya injini) ikiona injini ya baridi inafanya ilivyofundishwa, inaongeza petroli kama vile ndio umewasha asubuhi. Oili nayo inabaki nzito. Gari inakula na hakuna kinachoonekana kuharibika.

Mshale wa joto kwenye dashi usiutegemee kwenye hili, umetengenezwa utulie katikati kwa nafasi kubwa tu hata maji yakiwa baridi kuliko inavyotakiwa. Unahitaji kusoma digrii halisi. Kuna vidude vya OBD vya bluetooth vinachomekwa chini ya usukani na unasoma kwenye simu, ila Mark X za mwanzo za soko la Japan zinachagua, sio kila kidude kinaongea nazo, kwa hiyo jaribu kabla hujalipa au nenda kwa fundi mwenye mashine inayosoma Toyota. Tembea robo saa kisha soma joto la maji ukiwa barabarani. Likikaa 85 mpaka 95 iko sawa. Likiwa linacheza 65, 70, linashuka zaidi ukiingia mwendo wa 80 au 100 ambapo upepo ni mwingi, themostati haipo au imekwama wazi. Wakati mwingine inaacha kodi (namba ya kosa kwenye kompyuta) P0128, hiyo inasema kitu hichohicho.

Jirani yetu mmoja alikuwa na GRX120 ambayo imeshabadilishwa plagi na pampu ya mafuta kwa ajili ya ulaji. Siku inafunguliwa bomba la maji pale kwenye nyumba ya themostati, ndani kulikuwa na mpira wa kuzuia maji tu na tundu tupu. Themostati ilikuwa imetolewa na mwenye gari wa kabla yake, yeye hakuwahi kuambiwa.

Weka themostati ya kweli, weka kulanti badala ya maji ya bomba, toa hewa yote, na kama gari ilikuwa inachemka tafuta sababu yenyewe, inaweza kuwa radieta imeziba, feni, wota pampu au kifuniko. Na usifungue kifuniko cha radieta injini ikiwa ya moto hata ukiwa na haraka gani.

Hatua ya 6: Soma kodi na namba, usibahatishe sensa

Taa ya cheki injini ikiwaka isomwe, isifutwe tu. P0171 na P0174 zinasema upande mmoja au mwingine wa V6 unaona hewa nyingi kuliko mafuta, P0172 na P0175 ni kinyume chake, mafuta mengi. P0300 mpaka P0306 ni silinda zinapiga misi (hazichomi sawasawa), tarakimu ya mwisho inakwambia silinda namba ngapi, ikiwa sifuri ni misi ya hovyo hovyo haijulikani silinda gani.

Hata bila taa mwambie fundi akuonyeshe namba inaitwa fuel trim ya muda mrefu, yaani asilimia ya mafuta ambayo kontrol boksi inaongeza au kupunguza, kwa pande zote mbili. Ikicheza kati ya -10 na +10 achana na noseli, achana na sensa, tatizo lako liko kwingine. Ikienda hasi sana kontrol boksi inapunguza mafuta kwa nguvu kwa sababu kuna yanayozidi, hapo unaanza kushuku noseli inavuja au vali ya mvuke wa tenki imekwama wazi. Ikienda chanya sana tafuta hewa inayoingia kwa wizi kwenye mabomba ya mpira yaliyopasuka, pampu dhaifu, au sensa ya hewa chafu, ile inayokaa karibu na eya klina. Hiyo ya hewa inasafishwa kwa spirei yake maalum tu, usiiguse kwa kidole wala kitambaa, waya zake ni nyembamba sana.

Na sensa za oksijeni za mbele, ziko mbili kwa sababu ni V6, zikizeeka zinachelewa kusoma na mchanganyiko unaharibika taratibu. Ila zinunuliwe baada ya kipimo kuonyesha, sio kwa hisia.

Masega ya ekzosti (yale yanayosafisha moshi) usikubali yatolewe eti ili gari ipumue. Ulaji haupungui kwa hilo kama ni mazima, yana madini ya thamani, platinamu, paladiamu na rodiamu, na anaekushauri uyatoe mara nyingi anajua yanauzwa wapi. Yakiwa yameziba kweli gari inakosa nguvu kabisa ukikanyaga, na hapo yanapimwa mgandamizo, sio kupasuliwa kwanza.

Hatua ya 7: Sevisi, na neno kuhusu D4

Eya klina badilisha ikichafuka, inalinda injini, lakini usitegemee miujiza kwenye ulaji. Kwenye injini hizi za kompyuta filta chafu inakunyima nguvu zaidi kuliko kukulia mafuta, kompyuta inapunguza petroli kulingana na hewa iliyopo. Ushauri wa "badilisha eya klina utaona tofauti" ulikuwa na maana enzi za kabureta.

Oili weka daraja lililoandikwa kwenye kitabu, 5W-30 au 0W-20. Mafundi wengi wanamwaga 20W-50 kwa sababu "gari imetembea". Kama haili oili na haigongi hakuna sababu, unaibebesha injini uzito wa bure. Plagi za iridiamu ziko sita na zinakaa muda mrefu sana, kama kilomita 100,000, kama ni za kweli. Feki zimejaa mjini, nunua kwa mtu utakaemrudia.

Sasa D4. Hapa noseli zinapulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hazipitishi kwenye vali za kuingiza hewa kama injini za kawaida. Faida yake ni kuchoma vizuri. Hasara yake, zile vali haziogeshwi na petroli hata siku moja, mvuke wa oili unagandia pale mgongoni unakuwa masizi magumu meusi. Injini hii ya 2.5 inajulikana kwa hilo dunia nzima. Baada ya kilomita nyingi hewa inapita kwa shida, gari inatetemeka asubuhi ikiwa imesimama inaunguruma, inachoka, inakula. Na zile dawa za kumwaga kwenye tenki haziwezi kufika hapo kabisa, zinasaidia noseli tu, maana petroli yenyewe haipiti hapo. Dawa yake ni kufungua menifodi ya juu (ile ya kuingiza hewa) na kusafisha vali kwa mkono au kwa kupuliza unga wa maganda ya wolnati. Ni kazi ya fundi mtulivu, usiifanye kama gari haina dalili.

Petroli: GRX120 ya 2.5 mgandamizo wake ni 12 kwa 1 na Japan ilitengenezewa petroli ya daraja la juu. Ukiwekea ya oktani ndogo inarudisha nyuma muda wa kuwasha ili isigonge, na hapo unapoteza nguvu na kilomita. Kama ukipanda kilima unasikia mlio kama misumari kwenye kopo, badili sheli au panda daraja la mafuta. GRX130 ya 2.5 ilirekebishwa itumie petroli ya kawaida, kwa hiyo usitupe hela huko.

Sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta, vidonge, vidude vya kuchomeka kwenye saketi ya sigara, hapana. Mamlaka ya mazingira ya Marekani imeshapima vifaa zaidi ya 100 vya namna hii na haijapata hata kimoja chenye faida ya maana.

Hatua ya 8: Mguu wako

Gari ikishakuwa nzima, kilichobaki kiko kwenye mguu, na kwa mji kama Dar hiki ndio kikubwa kuliko vyote nilivyosema juu.

Kwenye foleni kinachokula ni kule kukanyaga na kusimama. Unaona nafasi ya mita thelathini mbele unakanyaga, unafika unafunga breki, ile nguvu yote uliyonunua sheli imegeuka joto kwenye diski. Acha nafasi ndogo, iache gari itambae yenyewe kwenye D, watu wawili wakichomekea mbele yako haikupunguzii kitu. Kuondoka taa za Mwenge au Ubungo kanyaga kwa utulivu mshale wa RPM usipite 2,000 na kitu, gia zitapanda mapema zenyewe. Kitufe cha PWR kama unacho kizimwe.

Injini ikiwa imesimama inaunguruma tu inakula kama lita moja mpaka karibu mbili kwa saa, kutegemea AC. Ukiwa unamsubiri mtu nje ya duka dakika kumi, zima. Na asubuhi huna haja ya kuipasha dakika kumi na tano nyumbani, washa, nusu dakika, ondoka taratibu, inapata joto ikiwa barabarani, hata kwa watu wa Mbeya na Njombe.

Kwenye safari, mwendo ndio kila kitu. Upinzani wa upepo unapanda kwa mraba wa spidi, ukitoka 100 kwenda 120 upepo unaokusukuma umeongezeka asilimia 44. Kwa barabara zetu zenye vibao vya 50 kila kijiji hiyo 120 haikuwahishi hata, unakimbia kilomita nne, unafunga breki kwa sababu ya kijiji na tochi, unakanyaga tena. Anaekaa 90 mpaka 100 na kuachia mafuta mapema akiona kibao kwa mbali anafika dakika chache tu baada yako na amebakiwa na mafuta.

Na hili la kuweka free kwenye mteremko naomba liachwe. Mtu anashuka Kitonga ameweka N anaamini anabana mafuta. Ukweli ni kwamba ukiacha gia kwenye D na mguu ukautoa, magurudumu yanaizungusha injini na kontrol boksi inafunga noseli kabisa, unatumia sifuri. Ukiweka N injini inatakiwa iendelee kuwaka yenyewe, kwa hiyo inachoma petroli, juu ya hapo umepoteza breki ya injini na mzigo wote umeuachia breki za miguu ambazo zikichemka hazishiki. Shuka na gia, ukihitaji zaidi vuta kwenye manyuo ushushe gia moja au mbili.

AC itumie, ni gari ya starehe. Ikiwa imepigwa jua shusha vioo vyote dakika moja mbili ukiwa unaondoka, joto litoke, ndio ufunge uwashe. Mjini mwendo mdogo jioni vioo vinatosha, ila kwenye 100 kufungua vioo ni kujiongezea upepo, funga washa AC. Na toa buti vitu usivyovitumia, kilo 50 za simenti zilizosahaulika ni kama asilimia moja.

Hatua ya 9: Badilisha kitu kimoja, pima tena

Ukitengeneza breki na themostati na plagi siku moja hutajua kilichosaidia ni kipi, na kama kuna kilichoharibika pia hutajua. Fanya kimoja, pima matenki mawili, andika, nenda kinachofuata. Breki na upepo wa tairi unaweza kuviunganisha kwa sababu gharama yake ni ndogo.

Hatua ya 10: Kama unawaza kufunga gesi

Dar wengi wanahamia CNG na kwa mtu anaetembea sana ni wazo la maana. Ila Mark X ni D4 na hapo kuna jambo la kuelewa kabla hujatoa hela. Noseli za D4 ziko ndani ya silinda kwenye moto, na kinachozipoza ni petroli inayopita. Ukikata petroli moja kwa moja ukachoma gesi tupu zinaungua. Kwa hiyo mifumo iliyotengenezwa kwa ajili ya injini hizi inaendelea kupulizia petroli kidogo hata ukiwa kwenye gesi, maana yake kwenye hesabu zako za kubana usiweke petroli sifuri, na bei ya kufunga ni kubwa kuliko ya injini za kawaida, na mtungi unakula buti.

Nenda karakana yenye kibali, ukifika mwambie injini ni 4GR-FSE ya D4 na umuulize mfumo wao unazilindaje noseli. Akikuonyesha kifaa na kukueleza kiasi cha petroli kitakachoendelea kutumika, kaa muongee bei. Akikwambia D4 na zingine zote zinafungwa sawasawa tu, washa gari uondoke.